Miaka Ishirini na Miwili ya Kuomba Karatasi: Mama Dafrosa Kokugonza Anastaafu

Ijumaa tarehe 29 Juni 2012, saa kumi jioni, Mama Dafrosa Kokugonza atafunga mlango wa Dawati la Ushauri la Hallonbergen kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi wake. Atakuwa ametumika miaka ishirini na miwili na karibu miezi minne, tangu asubuhi ya tarehe 1 Machi 1990 alipokabidhiwa ufunguo, meza moja na viti vitatu, kimojawapo kikiwa kibovu. Kiti hicho bado kipo. Anakikalia yeye mwenyewe ili mgeni asije akaanguka.

Kamati ya chama chetu cha wasemaji wa Kiswahili hapa Stockholm imemwomba karani wa ofisi aandike wasifu huu kwa ajili ya jarida la wanachama. Karani hana hata miaka miwili kazini, hivyo ni vyema kusema mapema kwamba mambo ya kabla ya mwaka 2010 yametoka kwa Mwenyekiti wetu, Bwana Kariuki, na kwenye majalada, na kwa Mama Dafrosa mwenyewe, aliyesahihisha tarehe mbili na kukataa kusoma sehemu za sifa. Watu wa nje ya ofisi wametajwa kwa ruhusa yao. Ruhusa hizo zimeandikwa na zimo jaladani, kama kuna atakayetaka kuziona.

Mama Dafrosa alizaliwa Kanyigo, Bukoba, mwaka 1946. Alikuja Stockholm majira ya vuli ya 1973 kwa mafunzo ya mwaka mmoja ya utunzaji wa kumbukumbu, akiwa na koti alilokopeshwa na mwanafunzi mwenzake aliyekuwa mrefu kuliko yeye. Mwaka mmoja ukawa miwili, ikaja ndoa na Bwana Cyprian, fundi wa mabasi, wakapata watoto watatu ambao hadi leo wakiulizwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kiswidi. Kwa miaka kumi na minne alifanya kazi katika hifadhi ya nyaraka, chini ya ardhi, mahali ambapo, kwa maneno yake, majira ya baridi na ya joto yalitofautiana kwa viatu vya wanaoingia. Huko ndiko alikojifunza jambo lililokuja kuwa kazi ya maisha yake: kwamba katika nchi hii karatasi ya serikali ni ya kila mtu, mpaka sheria iseme vinginevyo.

Ofisi yetu alipoikabidhiwa mwaka 1990 ilikuwa bado ni chumba cha kufulia cha jengo zima. Mashine zilikwishaondolewa lakini mabomba yalibaki ukutani, na harufu ya sabuni haikutoka kwa miaka mingi. Wazee wa chama wanasema mtu alikuwa akifika na barua ya kufukuzwa nyumba, akivuta pumzi mara moja, anahisi kama yuko kwao Jumamosi, siku ya kufua. Harufu hiyo karani hakuikuta. Alipofika kulikuwa na harufu ya kahawa ya Mama Dafrosa, ambayo wageni wote waliinywa kwa adabu na hakuna aliyeomba kikombe cha pili.

Katika miaka ya mwanzo kazi ilikuwa ni fomu. Fomu za nyumba, za vibali vya ukaazi, za shule za awali, za kuleta mke au mume. Mwezi Januari 2001 ndipo alipofika Bi Wanjira, Mkenya wa Hallonbergen hapa hapa, akimtafuta mumewe kwa siku ya tisa. Alikuwa amepiga simu hospitali zote. Ilikuja kujulikana kwamba mumewe alikuwa mahabusu, kwenye jengo ambalo Bi Wanjira alilipita kila siku akienda kazini, na kwamba shauri lake la kuwekwa ndani lilikwishasikilizwa mahakamani siku ya nne, viti vya wasikilizaji vikiwa vitupu. Karatasi ya shauri lile ilikuwa mapokezi ya mahakama, wazi kwa yeyote atakayeomba. Hakuna aliyeomba, kwa sababu hakuna aliyejua.

Bwana Kariuki anakumbuka kwamba Mama Dafrosa siku ile alivaa kofia yake ya kijani akatoka, akarudi baada ya saa tatu na nakala ya ile karatasi, akaiweka mezani na kuitazama kama mtu anayetazama barua iliyofika baada ya msiba. Kisha akasema hataki tena mtu wetu asimamishwe mahakamani bila jamaa yake kujua, ilhali karatasi ipo.

Kwa wanachama ambao, kwa bahati njema, hawajawahi kuhitaji huduma hii, tunaeleza kwa ufupi. Nyumba ya mahabusu, ile ambayo sote hapa tunaiita häkte, haimwambii mtu wa nje ni nani aliyemo. Ukipiga simu utajibiwa kwa upole kwamba hawawezi kusema ndiyo wala hapana. Lakini mwendesha mashtaka akitaka mtu aendelee kushikiliwa, lazima apeleke ombi mahakamani, na shauri lisikilizwe ndani ya siku nne tangu mtu akamatwe. Ombi likishafika mahakamani linakuwa karatasi ya wazi, na saa ya shauri inawekwa kwenye orodha ambayo yeyote anaweza kuisoma. Shauri linapoanza, yeyote anaweza kuketi ndani. Mara nyingi baada ya dakika chache mwendesha mashtaka huomba milango ifungwe, na wasikilizaji hutolewa. Kama kuna katazo la mawasiliano, inaweza kupita miezi bila barua, bila simu, bila kuonana. Hizo dakika chache kabla ya milango kufungwa ndizo pekee ambazo mama anaweza kuuona uso wa mwanawe.

Kwa hiyo kila kitu kilitegemea kuipata karatasi mapema. Na hapo Mama Dafrosa aligundua kwamba kikwazo chetu kikubwa ni malezi mema.

Sisi tumefundishwa kwamba mtu hafiki mbele ya meza ya mwingine na kusema shida yake kama anayetupa jiwe. Anasalimia. Anajitaja yeye ni nani, wa wapi, ametumwa na nani. Anaeleza kwamba kijana huyu alilelewa kanisani, au msikitini, na kwamba hajawahi kuleta aibu. Halafu ndipo anauliza, kwa sauti ya chini, kama yupo. Swali hilo ndilo lisiloweza kujibiwa. Mama Dafrosa aliwafundisha wanachama kinyume chake: omba karatasi, usiulize mtu. Usijitaje, maana sheria inamkataza karani wa mahakama kukuuliza wewe ni nani na unaitakia nini. Omba orodha ya mashauri ya leo ya kuwekwa mahabusu, na maombi yaliyoingia tangu jana. Shukuru. Nyamaza. Subiri.

Ilikuwa vigumu mno. Mzee mmoja wa Hässelby alisema afadhali akamatwe na yeye kuliko kuzungumza na mtoto wa watu namna hiyo.

Mama Dafrosa mwenyewe aliufanya mtindo huu kwa furaha ya wazi. Inasimuliwa kwamba mwaka 2002, kwenye ofisi moja ambayo hatutaitaja, kijana mpya wa mapokezi alimuuliza jina lake. Akajibu kwa Kiswidi chenye lafudhi ya Bukoba kwamba alikuwa nalo asubuhi lakini amelisahau kwenye treni. Kijana alicheka, akaenda ndani kuuliza, akarudi na karatasi. Tangu hapo kila mwaka, wiki ya kabla ya Krismasi, Mama Dafrosa alimpelekea kijana huyo mfuko wa biskuti usio na jina.

Kila Alhamisi alikwenda kusoma mbao za matangazo za mahakama kama wengine wanavyokwenda sokoni. Alizijua saa za mapokezi, siku za sikukuu, na mwaka 2007 mipaka ya mahakama za mkoa ilipobadilishwa, alichora ramani yake kwa kalamu za rangi za mjukuu na kuibandika juu ya mashine ya faksi. Mashine hiyo aliipenda kuliko kompyuta. Kompyuta ililetwa mwaka 2004, na kwa mwaka mzima alichapisha kila barua pepe iliyoingia, akaipiga mhuri wa tarehe, akaiweka jaladani, pamoja na matangazo ya vidonge vya kupunguza unene. Majalada hayo yapo. Karani alishauriwa ayatupe, lakini bado hajathubutu.

Alikuwa na sheria ya pili, ambayo ilimgharimu marafiki. Alisema karatasi ni ya wote lakini habari si ya wote. Mwaka 2006, Mzee Baudouin, mzee wa kanisa la Wakongomani kule Jordbro, kusini mwa jiji, alikuja kuomba majina ya vijana wetu waliokuwa mahabusu mwezi ule ili yasomwe Jumapili wakati wa maombi. Nia yake ilikuwa safi, na kisheria angeweza kwenda kuyaomba mwenyewe. Mama Dafrosa alikataa. Mzee Baudouin aliuliza kanisa linawezaje kumwombea mtu lisiyemjua.

"Mungu hahitaji orodha yangu, Mzee," Mama Dafrosa alimjibu. "Na yule kijana akitoka, atataka kuingia kanisani bila watu kugeuka."

Mzee Baudouin hakurudi ofisini kwa miezi minane. Wakikutana kwenye harusi walisalimiana vizuri sana, ile salamu ndefu ya watu waliokasirikiana.

Karani wa sasa aliajiriwa Septemba 2010. Itoshe kusema kwamba wiki za kwanza aliiogopa simu. Mama Dafrosa hakumkemea. Alimpa kadi ndogo za karatasi ngumu na kumwambia aandike swali lote kabla ya kuinua mkono, kisha alisome kama lilivyoandikwa na asiongeze neno. Ukiongeza neno, alisema, neno hilo ndilo watakalolijibu. Karani aliandika kadi hata za kuagiza wino. Zilisaidia.

Sasa tufike kwenye siku ambayo wengi mmeiulizia, na ambayo Bi Josiane ameruhusu iandikwe kama ilivyokuwa.

Jumatatu tarehe 7 Februari 2011, saa tatu kasoro asubuhi, kabla hata taa ya nje haijazimwa, Mzee Baudouin alikuwa mlangoni. Hakuwa peke yake. Alikuwa na dada yake, Bi Josiane wa Jordbro, aliyeshika kwa mikono miwili mfuko mzito ambao ndani yake kulikuwa na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Mzee Baudouin alianza kuomba radhi kwa mambo ya mwaka 2006. Mama Dafrosa alimwambia hayo yana siku yake, na kumvutia Bi Josiane kiti kizima.

Mwana wa Bi Josiane, Emery, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyepanga chumba Hässelby, alikuwa amechukuliwa na polisi Ijumaa jioni. Rafiki yake aliona gari likimchukua kwenye uwanja wa hapo, basi. Simu yake ilikuwa imezimwa. Bi Josiane hakukaa akilia. Jumamosi aliamka alfajiri akapika sombe, kisamvu cha Kikongomani, na wali, akaenda kwenye nyumba ya mahabusu ya kwanza. Wakakataa chakula. Akaenda ya pili jioni, wakakataa. Jumapili alipika upya, kwa sababu mtu hapelekewi kiporo, akapanda treni mbili hadi ya tatu. Wakakataa.

Wengi wetu tunajua maana yake bila kuelezwa. Kule tulikotoka, mtu akikamatwa, jamaa humpelekea chakula. Askari hatakwambia kama ndugu yako yumo, lakini akipokea bakuli, umejua. Bakuli likirudi tupu, umejua kwamba amekula. Na askari akikataa bakuli, akasema hakuna mtu kama huyo hapa, basi jamaa hurudi nyumbani na kuanza kuita watu. Hapa hakuna nyumba ya mahabusu inayopokea sufuria ya mtu yeyote. Hilo Bi Josiane hakulijua, na Mzee Baudouin aliyemsindikiza hakulijua pia. Walikwishaanza kuzungumzia mahali pa kuweka viti vya waombolezaji.

"Mama Dafrosa, mutoto wangu alikufa," Bi Josiane alisema. Hakuwa akilia. "Kama angekuwa mule, bangepokea chakula."

Mama Dafrosa alimuuliza kama kuna yeyote aliyemwambia kwamba Emery hayumo. Hakuna. Alimuuliza walisema nini hasa. Walisema hawawezi kupokea. Akamwambia kwamba hawapokei cha mtu yeyote, hata mama yake mfalme angekuja na sufuria wangemrudisha nayo. Mzee Baudouin alishusha pumzi iliyosikika hadi kwenye mabomba. Bi Josiane hakuamini. Alitaka aamini baada ya kumwona.

Kumwona ndilo jambo lenyewe. Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi: ombi la mwendesha mashtaka lilipaswa kufika mahakamani kabla ya saa sita mchana siku ile, na shauri lingeweza kusikilizwa siku ile ile. Siku mbili kati ya nne zilikuwa zimekwenda na sombe.

Saa tatu juu ya alama Mama Dafrosa alipiga mahakama ya mjini. Aliomba orodha na maombi mapya. Jina halikuwepo. Bi Josiane alisimama, akataka wakimbilie mahakama hiyo hiyo, kule Kungsholmen, kwa kuwa Hässelby alikopanga Emery iko mjini. Mama Dafrosa alimwonyesha ile ramani ya kalamu za rangi, akamweleza kwamba shauri halifuati mahali mtu anapolala wala alipokamatiwa. Linafuata mahali panaposemekana jambo lilitendeka, na hapo hatupajui. Akapiga mahakama ya kaskazini, halafu ya Solna. Hakuna. Akapiga ya kusini, kule Flemingsberg. Mama wa mapokezi alisema orodha ya mchana haijakamilika, apige tena saa tano.

Karibu saa mbili za kusubiri ni muda mrefu. Mzee Baudouin alikunywa vikombe viwili vya kahawa ile, na hilo limo kwenye kumbukumbu za ofisi kama tukio lisilo na mfano. Bi Josiane alishika sufuria mapajani. Mama Dafrosa aliendelea kujaza fomu ya mtu mwingine, kwa mwandiko wake mzuri, na hakutazama saa. Alimwambia karani aandike kadi. Karani aliandika.

Saa tano kasoro dakika tano alipiga. Maombi mawili mapya yalikuwa yameingia. Aliomba asomewe majina kama yalivyo kwenye karatasi. La pili lilikuwa la Emery. Shauri saa saba na robo mchana, ukumbi wa sita.

Walipanda treni ya chini ya ardhi watatu, Mama Dafrosa, Bi Josiane na karani, wakabadilisha mjini na kushika treni ya kwenda kusini. Mzee Baudouin alibaki kulinda ofisi. Theluji ilikuwa imeanguka tangu usiku, na karibu na Älvsjö treni ilisimama. Ilisimama dakika kumi na tisa. Abiria wengine walitoa magazeti. Bi Josiane aliuliza mara moja tu kama kwa mguu ni mbali, na Mama Dafrosa akamwambia ni mbali. Kisha akatumia muda ule kumwandaa.

"Mama Emery, nisikilize. Pale ndani hutamsalimia."

"Nisimusalimie mutoto wangu?"

"Ukifungua mdomo watakutoa, na dakika zako zitakuwa zimekwisha. Usimwite, usiinuke. Kaa pale nitakapokuweka, akuone."

Bi Josiane alifikiri. Akasema kwamba tangu Emery azaliwe hajawahi kupita mbele yake bila kumsalimia, hata siku wamegombana. Mama Dafrosa alimfunga kifungo cha juu cha koti. Treni ikaondoka.

Walifika saa saba na dakika tisa. Mlangoni Mama Dafrosa alichukua sufuria na kumpa karani, akamwambia akae nayo kwenye benchi la ukumbini na asiende popote. Kwa hiyo yaliyofuata ndani karani hakuyaona. Yameandikwa hapa kwa maneno ya wawili walioyaona, na kwa daftari la Mama Dafrosa, ambalo ndani yake aliandika saa kwa dakika, kama kawaida yake.

Alimweka Bi Josiane kiti cha pili kutoka ukutani, mkabala na mlango mdogo wa ubavuni ambao mahabusu huingilia. Saa 7:16 mlango huo ulifunguliwa. Emery aliingia katikati ya walinzi wawili, amevaa nguo ambazo si zake, akitazama chini. Alikwenda kuketi karibu na wakili wake bila kuinua macho. Hakimu alisoma namba ya shauri. Bi Josiane alikuwa ameshika kiti kwa mikono yote miwili. Hakumwita. Saa 7:18 wakili alimwinamia Emery na kumwambia neno, labda alimuuliza kama anamfahamu mtu yeyote pale nyuma, na Emery akageuka.

Walitazamana. Hakimu alikuwa akiendelea kusoma. Bi Josiane hakuinuka na hakusema kitu. Mama Dafrosa anasema amekaa kwenye kumbi hizo zaidi ya mara mia mbili, na hajawahi kuona mtu akinyamaza kwa nguvu kiasi kile.

Saa 7:20 mwendesha mashtaka aliomba milango ifungwe. Hakimu akakubali, na wasikilizaji wakatolewa.

Bi Josiane alikuja hadi kwenye benchi, akaketi karibu na karani, akaweka mkono juu ya kifuniko cha sufuria.

"Iko muzima," alisema. Akasema tena, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetoa habari. "Ameniona. Iko muzima."

Sombe ile ililiwa ofisini saa kumi jioni, na Mzee Baudouin ndiye aliyeombea chakula. Hakutaja jina la mtu yeyote.

Emery alituhumiwa nini, hatuandiki, ingawa karatasi ni ya wazi. Alitoka mwishoni mwa Machi mwaka ule. Lakini kabla ya hapo, kwa kuwa shauri la mtu aliye mahabusu hurudishwa mahakamani kila baada ya wiki mbili, Bi Josiane alikuja tena ofisini tarehe 21 Februari. Alitaka Mama Dafrosa apige simu. Mama Dafrosa alimsukumia simu na kuendelea kunoa penseli. Karani alimpa kadi. Bi Josiane alisoma swali lote kwa Kiswidi chake, polepole, akasikiliza, akaandika saa na namba ya ukumbi kwenye kiganja cha mkono, akashukuru, akakata. Kisha akasononeka, kwamba mama wa watu amemjibu vizuri namna ile na yeye hakumuuliza hata habari za asubuhi. Mama Dafrosa alimwambia amfikishie salamu akifika. Alikwenda peke yake. Aliporudi alisema zimekuwa dakika sita.

Tangu majira ya joto ya 2011, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Bi Josiane anawafundisha akina mama wenzake wa Jordbro namna ya kupiga simu hiyo. Wameshapita thelathini na wanane. Huanza kwa kuwaambia wasipike.

Mwezi Februari mwaka huu Mama Dafrosa aliandika taarifa yake ya mwisho ya mwaka. Mwaka 2009 watu arobaini na mmoja walikuja kwetu kuuliza jamaa yao anashikiliwa wapi. Mwaka 2011 walikuwa kumi na watatu, na wanane kati yao walikuja kabla ya Aprili. Bwana Kariuki, kwa uangalifu wa mwenyekiti, alifikiri namba hizo zimewekwa pasipo pake, akazihamishia kwenye sura ya changamoto, akihofia wafadhili wataona kazi imepungua. Mama Dafrosa alizirudisha kwenye sura ya mafanikio, kwa kuwa wasiokuja sasa wanapiga simu wenyewe. Zilihamishwa mara tatu. Taarifa ilipochapishwa zilikuwa kwenye mafanikio, na Bwana Kariuki ameomba iandikwe hapa kwamba alishindwa kwa haki.

Bwana Cyprian anamsubiri Hässelby, na amesema amemwandalia kabati la bustanini lisilo na jalada hata moja. Karani anaendelea na kazi kuanzia Jumatatu tarehe 2 Julai. Wanachama wanaombwa wawe na subira naye.

Mama Dafrosa, chama kinakushukuru kwa kila Alhamisi uliyosimama mbele ya mbao zile, na kwa watu wengi ambao hawakuingia mahakamani mbele ya viti vitupu kwa sababu yako. Tulipomwomba Bi Josiane atupe neno la shukrani la kuchapishwa, alikataa maneno marefu. Akasema: "Andika tu nilimuona mutoto wangu dakika ine." Tumeandika. Twakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na miaka mingi ya amani pamoja na wako. Asante, Mama.

Aurore, karani wa ofisi
Hallonbergen, Juni 2012